Bamvua la Fukayosi

Bi. Mwanne wa Fukayosi alizikwa Alhamisi, habari zikanifikia Ijumaa baada ya sala, na Jumapili nilikuwa jamvini kwake nikila wali wa hitima. Wenzangu wa rika langu huniambia kwamba ukifika umri huu unazoea kufiwa. Mimi sijazoea wala sina nia ya kuzoea. Nilikaa karibu na mlango wa uani kwa ajili ya magoti yangu, na ubavuni kwangu alikaa mjukuu wa marehemu, Rehema, binti anayefanya kazi Dar es Salaam ya kuandika programu za kompyuta. Simu yake haikutulia. Aliitazama, akasonya kidogo, akaandika, akaifudikiza mkekani, ikatetemeka tena. Mimi si mtu wa kumeza jambo. Nikamwuliza, “Mwanangu, kazi gani hiyo isiyojua msiba?”

“Nisamehe, bibi,” akasema. “Ni wenzangu wa ofisini, tunabishana tangu juzi. Tumetengeneza kitu kimoja ambacho ndani yake kinaweza kufanya kazi kwa njia mbili tofauti. Mtumiaji haimhusu ni njia ipi, yeye anataka jibu sahihi tu. Sasa tuna majaribio ya kukipima. Mengine yanahusu njia zote mbili. Mengine yanahusu njia moja peke yake, na ile nyingine ikishindwa hapo si kosa lake. Ugomvi ni haya ya njia moja yakae wapi. Mmoja wetu anataka yachanganywe na yale ya wote, mwingine anataka yafutwe kabisa.” Nikacheka. Nilicheka msibani, mbele za watu, mpaka shangazi mmoja wa upande wa wafiwa akanikata jicho. Rehema akaniuliza ninacheka nini. Nikamwambia bibi yake na mimi tuligombana ugomvi huo huo mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukagombana na ofisi nzima, na kompyuta hatujawahi hata kuiota. Akasema, “Basi ngoja nikuletee kitu,” akanyanyuka akaingia chumba cha marehemu. Alikawia sana, nadhani alikuwa akipekua sanduku, na mimi pale nilipobaki na kikombe changu cha kahawa mwaka ule wote ukanirudia.

Nilikuwa na miaka ishirini, mpiga taipu wa ofisi ndogo ya kisomo cha watu wazima, ghorofani kwenye nyumba ya kale Bagamoyo mjini. Chumba chetu kilikuwa na kuta nene zinazotoa unga wa chokaa ukiziegemea, dari ya boriti, meza mbili, mashine ya kurudufu iliyokuwa ikinitia wino mpaka kwenye nyusi, na kasha kubwa la mbao ambalo karatasi zote za maana zililala humo. Sakafu ilikuwa ya mbao zenye nafasi katikati, na chini yake palikuwa na chumba alichokuwa akipikia mama mmoja muuza bajia, hivyo mchana kutwa nilipiga taipu huku nikisikia habari za mji mzima zikipanda pamoja na harufu ya dengu. Mkuu wangu alikuwa Mwalimu Shaibu. Alishafundisha shule za msingi mpaka mvi zikamwota, mtu mtaratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni na hasira zinazokuja polepole na kuondoka polepole zaidi. Tulikuwa sisi wawili tu. Wilaya nzima ilikuwa ikijifunza kusoma mwaka ule, akina mama kwa akina baba, na sisi wawili ndio tuliokuwa tukiwaandalia mtihani.

Vitabu vya kusomea vilikuwa vya namna mbili kwa upande wetu. Watu wa pwani, kama wale wa Kaole, walijifunza kwa kitabu cha uvuvi. Watu wa ndani, kama wale wa Fukayosi, walijifunza kwa kitabu cha muhogo. Ukifungua hiki unaona nyavu, ukifungua kile unaona jembe na makopa yaliyoanikwa, lakini mwisho wa safari ulikuwa mmoja: mtu aweze kusoma barua, kuijibu, na kupiga hesabu za maisha yake. Mtihani ulikuwa wa kupima mwisho wa safari huo. Mbali na hayo, tulikuwa na maswali ya kitabu chenyewe, ya kutujulisha kama somo la nyavu limeingia au somo la mbegu limeingia. Mwaka uliotangulia maswali hayo yalikuwa kwenye karatasi za pembeni, zisizo na mahali maalumu. Siku moja Mwalimu Shaibu akanunua bajia chini, akazifungua mezani, akakuta zimefungwa kwa maswali yake ya muhogo. Hakuzila. Aliinyoosha ile karatasi yenye mafuta, akaisoma yote, akasema, “Kuanzia sasa kila swali litaingia kwenye karatasi moja. Karatasi moja, wilaya moja.” Nilimwona ameumia, na kusema kweli niliona ana haki.

Kwa hiyo nilipoambiwa nitunge swali la hesabu kwa ajili ya hiyo karatasi moja, sikuumiza kichwa. Nilikuwa nakula mkate wa kumimina, na chini nilimsikia muuza bajia akimwambia mwenzake kwamba bamvua ni Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa wasiende mbali kuokota chaza. Nikasema, “Mwalimu, andika: Bamvua huja mara ngapi kwa mwezi? Kwa miezi mitatu litakuja mara ngapi?” Mwalimu Shaibu akafurahi. Alisema ni swali lenye uhai, linamtaka mtu afikiri, na lina hesabu ndani. Akalipa alama nne. Juu yake akaweka la kwake, kati ya nyavu za jarife na juya lipi lina macho makubwa, nalo akalipa alama mbili. Mimi na yeye tulizaliwa na sauti ya maji masikioni. Bamvua kwetu si neno la wavuvi, ni neno tu, kama Jumamosi ilivyo neno: maji yanajaa sana mwezi unapoandama na unapopevuka, anayejua kuhesabu vidole atakwambia ni mara mbili. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba yuko Mswahili mwenzangu, anayesali kama mimi na kula kama mimi, ambaye hajawahi kulisikia. Hilo ndilo kosa langu, na nimelibeba mpaka leo.

Karatasi ziliporudi nilisahihisha mimi, kwa kalamu nyekundu, Mwalimu Shaibu akihakiki baada yangu. Za Fukayosi nyingi ziliacha nafasi tupu kwenye bamvua. Moja tu ilijibiwa, kwa herufi kubwa zilizosimama wima, za mtu aliyebana kalamu kwa nguvu zake zote. Iliandikwa hivi: Kwetu haijaja. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamsomea Mwalimu Shaibu, naye akacheka, akasema hata ngeli hakuipata, ilitakiwa halijaja. Nikatia kosa jekundu, kubwa, la kujifurahisha. Jina juu ya karatasi lilikuwa Mwanne, na alipojumlishiwa alama zake alikuwa amekosa mbili tu kupata cheti. Nikaandika jina lake kwenye orodha ya walioshindwa, nikanawa mikono, nikaenda kula.

Baada ya wiki mbili ikaja barua, imeletwa na dereva wa lori la mananasi. Mwandiko niliutambua kabla sijaifungua. Naikumbuka kwa moyo kwa sababu niliisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa na mwanamume. “Kwa Mwalimu. Shikamoo. Mimi Mwanne wa Fukayosi sijambo, hofu kwenu. Nimesikia nimeshindwa, sina ubishi. Ila naomba kuuliza bamvua ni kitu gani, maana nimewauliza wenzangu hapa hakuna aijuaye, na mimi niliwajibuni kweli kwamba kwetu haijaja. Ikija nitawaarifu. Naomba jibu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi kwa sababu kijiji kimenichagua kwenda kujifunza kutunza sanduku la dawa, na bila cheti sanduku litapelekwa kijiji kingine.” Nilikaa kitako sakafuni. Mtu ambaye mimi na kalamu yangu tulisema hajui kusoma wala kuandika alikuwa ameniandikia barua kwa mkono wake, haina hata neno moja la kupotosha, ameuliza anachotaka, ameeleza sababu, ametaja na siku. Kama mtihani wetu ulikuwa na maana, maana yake ilikuwa barua ile. Nilijisikia mchafu kuliko siku zote za wino.

Mwalimu Shaibu aliisoma akiwa amesimama, akairudisha kwenye bahasha. Alisema inasikitisha. Alisema pia kwamba orodha imeshakwenda mkoani, na kwamba ukianza kumfungulia mmoja mlango utawafungulia wote. Nikamwambia, “Mwalimu, mimi ndiye niliyelitunga swali hilo. Sijampima kusoma, nimempima kuzaliwa pwani.” Akajibu kwa upole wake ule unaoudhi, “Zuhura, lugha ni moja.” Mchana ule mkaguzi kutoka mkoani alikuja, wakakaa chini kwenye baraza wakinywa kahawa, na mimi juu nikawasikia kupitia mbao. Mkaguzi alisema watu wa ndani mwaka huu wamelala. Nilingoja Mwalimu Shaibu aseme neno. Hakusema. Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni. Hapo nikaamua, na mimi nikiamua jambo, marehemu mama alikuwa akisema, heri uniache. Asubuhi nilipanda lori la mananasi lililokuwa linakwenda Kiwangwa, bila ruhusa, nikiwa na karatasi ya Mwanne kifuani ndani ya kanga, nikashuka Fukayosi nimejaa vumbi.

Alikuwa akimenya mihogo nyuma ya nyumba, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mrefu, mwenye mabega ya jembe. Nikamwamkia shikamoo kwa kuwa ni mkubwa wangu. Papo hapo naye akaniamkia shikamoo kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Tukabaki tunatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aitikie. Kisha akacheka, akaniitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nilimweleza bamvua. Alinisikiliza kwa makini, akauliza maji hayo yakijaa yanafika mpaka wapi, yanaondoka na nini, kisha akatikisa kichwa. “Kumbe ni maji,” akasema. “Mimi nilidhani ni ugonjwa, au labda ni posho ya serikali. Nikasema kama ingekuwa inakuja kila mwezi, mjumbe angetwambia.” Alinipa mihogo ya kuchemsha na kisamvu cha nazi, nikala kwa njaa na kwa aibu. Mwanawe wa kike wa miaka sita alikuwa akicheza pale na kuku, na kila alipozungumza sauti ilimtoka nzito, ya kukwaruza. Mwanne aliona ninamtazama. “Nilimpa chupa ya dawa ya kupaka akanywa,” akasema. “Zilikuwa chupa mbili, zote zina maandishi, mimi naona madoa tu. Mungu alisimama, hakufa. Ndiyo sababu nimejifunza kusoma, mwalimu, si kwa ajili ya kitabu cha muhogo. Muhogo ninaujua.”

Nikalia, sikujizuia. Nikamwambia narudi mjini na maswali yote ya bahari nitayachana nitupe. Nilisema kwa hasira, na nilitaka anisifu. Hakunisifu. Aliendelea kumenya mpaka akamaliza mhogo alioushika. “Usiyatupe,” akasema. “Hao wa huko Kaole, mtu akifunzwa mambo ya nyavu, si lazima aulizwe ajulikane kama amefunzika? Sisi pia kuna mambo ya kutuuliza, na mtu wa Kaole hayamhusu. Swali si baya. Limepotea njia tu, limekuja kwa watu lisiowajua. Lirudishe kwao likakae huko.” Nilirudi mjini jioni juu ya mananasi, nikilirudia neno hilo. Nimekutana na wasomi wengi maishani, wa vyeti vikubwa, na sijasikia jambo lililosemwa kwa akili kuliko lile. Mimi nilijua mahali pawili tu pa kuliweka swali: kwenye karatasi ya wote, au jalalani. Mwanne ambaye orodha yetu ilimwita mjinga aliniongezea la tatu.

Kesho yake Mwalimu Shaibu alinikuta nimekaa sakafuni tangu alfajiri. Nilikuwa nimekata mtihani wote kwa mkasi, kila swali kipande chake, na nikawa naviweka mafungu mawili. Hakuuliza nilikwenda wapi jana. Vumbi kwenye kanga yangu lilikwisha kumwambia. Nikamwambia, “Keti, Mwalimu, tafadhali. Kila swali nakuuliza jambo moja: mtu aliyesoma kwa kitabu chochote anaweza kulijibu? Kama ndiyo, fungu hili. Kama mpaka awe amesoma kitabu fulani, fungu lile.” Alikaa kwenye kasha. Tulikwenda moja moja. Soma barua hii ujibu: la wote. Andika jina lako na la kijiji chako: la wote. Tulipofika kwenye jarife na juya alikichukua kipande mwenyewe, akakiweka fungu la pili. Bamvua nililiweka mimi. Nilidhani nimeshinda. Ndipo aliponiuliza swali ambalo lilinikata maini, kwa kuwa lilikuwa la haki. “Haya. Umeyatenga. Yataishi wapi? Mwaka jana yalitengwa hivyohivyo, yakafungiwa bajia. Mtu akiwa na karatasi mbili, anafanya ya kwanza na kuisahau ya pili. Mimi niliyatia humo si kwa ujinga, Zuhura. Niliyatia yasisahaulike.”

Nilizunguka chumba, nikafungua kasha nikalifunga. Kuyaweka kasheni na yale ya wote ingekuwa kuyachanganya tena kwa mlango wa nyuma. Siku moja karani mwingine angeyachota yote kwa pamoja. Kuyaacha mezani tulishaona mwisho wake. Chini muuza bajia alikuwa akishona mfuko wa unga kwa sindano ya gunia, nilimsikia akivuta uzi, akilaani tundu. Nikashuka nikaiazima. Nilichukua kitabu cha uvuvi, kile cha mwalimu, nikashona bahasha ya kaki ndani ya jalada la nyuma, pande tatu, nikaacha mdomo wazi, nikatia humo jarife na bamvua. Cha muhogo nacho nikakishonea yake. Kikihamishwa kitabu, maswali yanahama nacho. Kikibadilishwa, anayebadilisha anaiona bahasha mbele ya macho yake. Kisha nikachukua karatasi ya wote, na chini kabisa, baada ya swali la mwisho, nikaandika: Mwalimu, sasa fungua bahasha ya kitabu chako. Nikampa Mwalimu Shaibu. Aliivuta bahasha kwa nguvu kuona kama itang’oka. Haikung’oka. Akasema, “Mshono wako ni wa gunia kwelikweli,” akatoa moja ya kalamu zake tatu.

Tulisahihisha upya siku hiyo na iliyofuata, karatasi zote, za pwani na za ndani, alama za fungu la pili zikiwekwa kando na kiwango cha kupasi kikipunguzwa kwa nusu ya alama hizo. Mwanne alipasi, na wenzake kadhaa wa Fukayosi walipasi. Lakini haki ilikuwa na upande wake mchungu: mzee mmoja wa Kaole aliyepasi kwa maswali ya bahari aliporomoka. Alikuja ofisini amefura, akasema yeye mambo ya maji anaweza kumfundisha hata mkuu wa wilaya. Nikampa barua aisome. Aliishika, akaitazama, akaigeuza, akaanza kusema kwa sauti safi ukurasa wa kwanza wa kitabu cha uvuvi, ambao haukuwa umeandikwa pale. Alisimama katikati, akanitazama, na wote wawili tukajua. Nilimwonea huruma, lakini sikumrudishia alama. Alirudi darasani mwaka uliofuata, na alipopata cheti aliniletea pweza mkavu.

Ijumaa ilikuwa mlangoni. Barua ya kwenda mkoani ilitakiwa iseme kosa limetoka wapi, na mimi niliitaipu ikiwa na jina langu, kwamba swali nililitunga mimi. Mwalimu Shaibu aliisoma, akaichana. “Swali ulitunga wewe,” akasema, “lakini karatasi niliipitisha mimi, na siku ile kwenye baraza nilinyamaza. Nadhani ulinisikia nikinyamaza.” Akaandika nyingine kwa mkono wake, akaipeleka mwenyewe kwa gari la asubuhi ili isichelewe. Karipio lilikuja baadaye, la karatasi nzuri yenye mhuri. Alilisoma, akalikunja mara nne, akalilaza kasheni pamoja na karatasi za maana. Mimi nilikuwa nikimwona mtu baridi, na nilikosea, na sikumwambia kwamba nilikosea kwa sababu ya kiburi cha miaka ishirini. Laiti ningemwambia.

Mwanne alikuja mjini na godoro lake kichwani, akajifunza, akarudi Fukayosi na sanduku la dawa, akalitunza mpaka kijiji kilipopata zahanati. Kabla hajaondoka alipanda ghorofani kwetu, akakagua bahasha ya kitabu cha muhogo, akaikuta tupu. Tulikuwa bado hatujaitilia kitu, maana yale ya mwanzo yalifungiwa bajia, na mimi na Mwalimu Shaibu tulijua muhogo uliopikwa tu. Akaomba kalamu, akakaa kwenye kasha, akatunga maswali. Alipomaliza la kwanza akanisukumia. “Wewe mwalimu, jaribu kwanza nione kama linafaa.” Lilisema: Batobato huanzia wapi? Nililitazama swali lile. Nilitafuta kichwani kote, sikupata hata harufu yake. Yeye alinitazama bila kucheka, mikono magotini, kama anavyopaswa kutazama mwalimu mwenye haki. Nikaandika jibu langu, nikamrudishia. Papo hapo chini wakamwita, lori linaondoka, akaikunja karatasi akaitia kifuani, akashuka mbio na godoro na kile kitabu cha muhogo, ambacho Mwalimu Shaibu alikuwa amempa kiwe cha darasa la Fukayosi. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni ugonjwa wa muhogo, na huanzia majani machanga. Mwisho wa mwaka uliofuata nilihamishwa, nikaolewa, maisha yakaendelea, na ingawa tulionana na Mwanne kwenye harusi na misiba, ile karatasi haikuwahi kutajwa kati yetu.

Rehema alirudi jamvini akiwa na kitabu cha muhogo mikononi. Jalada la mbele lilikuwa limeliwa na mchwa, la nyuma lilikuwa zima, na bahasha yangu ya kaki ilikuwa imeng’ang’ania pale pale kwa uzi wa gunia. “Bibi alikuwa hataki mtu akiguse,” akasema. “Alikuwa akisema humu mna mtihani wa mwalimu wake.” Simu yake ikatetemeka mkekani, hakuitazama. Nikaingiza vidole, nikatoa karatasi iliyokunjwa. Mwandiko wake uko juu, herufi kubwa zilizosimama wima. Mwandiko wangu uko chini, wa msichana anayejua taipu: Kwetu haijaja. Na pembeni ya jibu langu, kwa kalamu nyekundu ambayo sijui aliitoa wapi, Mwanne alikuwa ametia vema.